Afande wa Nukta Mbili

Nimepigwa na watu wengi, maana nimekulia Mpumudde na mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki, lakini hakuna aliyenipiga kama Afande wa Hesabu. Wengine walipiga wakiwa na hasira, wakakosa shabaha, wakachoka. Yeye alipiga akiwa ametulia, na viboko ulivihesabu wewe mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili. Ukiruka namba, mnaanza upya.

Alikuwa mwalimu wetu katika sekondari ndogo upande wetu wa Jinja, na kabla ya ualimu alikuwa askari. Jeshi gani, wapi, na alitoka kwa nini, hakusema, na sisi hatukuwa wapumbavu wa kuuliza. Walimu wengine walifundisha kwa Kiingereza na kubembeleza kwa Lusoga. Yeye alifundisha kwa Kiswahili cha kambini, kifupi na kikavu. Kwetu sisi Waislamu, na kwa watoto wa madereva wa Kenya, Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, lugha ya kuombea uji. Kwa wenzetu ilikuwa lugha ya askari waliovunja milango ya babu zao. Kwa hiyo Afande akisema tu "kaa", hata mbwa wa mpishi alikaa.

Fimbo yake ilikuwa ya mkahawa, yaani mti wa kahawa, imenyooka, imekaushwa juu ya moshi. Fimbo hizo alizileta kutoka Mbale kila likizo, tatu tatu, zimefungwa kwenye gazeti. Viboko vilikuwa vimepigwa marufuku kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilibandikwa ofisini kwa mkuu wa shule, Afande akaipita kila asubuhi akienda kuchukua chaki.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Mengine aliyafundisha kwa kuwa yapo kwenye mtihani, lakini hili alilifundisha kama mtu anayelipiza kisasi: una nukta mbili, mstari unapita kwenye zote mbili, sasa uniambie mstari huo ulikata wapi mhimili wa wima. Hakutuanzisha ubaoni. Alitupeleka uwanjani. Ukuta wa darasa ndio ulikuwa mhimili wa wima, na mbali na ukuta alichora ardhini kwa kisigino cha buti, hatua moja, mbili, tatu, hadi kumi. Watoto wawili walisimama kwenye hatua tofauti, kila mmoja ameshika kamba ya katani kwa urefu alioambiwa. Kisha wa tatu aliichukua ncha ya kamba na kuivuta nyuma, ikiwa imekazwa, mpaka ikaugusa ukuta. Pale ilipogusa, Afande aliweka alama ya chaki.

"Hapa ndiyo ilianza," alisema. "Sasa nyinyi natafuta kwa kalamu. Kalamu na kamba ikipishana, moja nasema uongo. Na kamba hapana sema uongo."

Kwa kalamu haikuwa kazi ngumu. Unatafuta mteremko: urefu umebadilika kiasi gani kwa kila hatua moja. Halafu unarudi nyuma hatua zote mpaka sifuri, ukiuondoa huo mteremko. Ugumu ulikuwa pale kamba inapoteremka kadiri inavyokwenda mbali na ukuta. Hapo mteremko una alama ya hasi, ambayo yeye aliiita minasi na sisi tukaiita hivyo hivyo. Ukirudi nyuma kwenye mstari unaoshuka, lazima upande. Mtoto anayeipoteza minasi anashuka tena badala ya kupanda, na jibu lake linaangukia chini kabisa ya alama ya chaki.

Minasi moja iliyopotea ilikuwa viboko vinne. Yeye mwenyewe aliiandika ndefu mno, karibu urefu wa kijiti cha kiberiti, ili asiwepo wa kusema hakuiona. Rafiki yangu Nabirye alijaribu siku moja kujitetea. "Afande, mimi nirisahau," alisema. Afande akamjibu, "Risasi hapana sahau," na akampiga vinne. Tulicheka, kwa kuwa hatukujua kingine cha kufanya.

Mimi nilipigwa vinne vyangu siku ya Jumatatu. Nukta zilikuwa moja na tisa, na nne na tatu. Jibu ni kumi na moja. Niliandika saba. "Minasi nakwenda wapi?" aliniuliza. Nikasema imekwenda msalani. Darasa likazimia kwa kicheko, na mimi nikahesabu viboko vinne vya kosa na viwili vya mdomo. Kiganja kilipasuka chini ya kidole cha shahada, na kovu ninalo mpaka leo.

Nisiseme kwamba alikuwa mnyama, ingawa ningependa. Baada ya kukupiga, alitoa kikopo cha mafuta ya mgando kwenye mfuko wa shati akakupaka kiganjani mwenyewe, taratibu, bila kukutazama usoni. Alikuja kwa baiskeli kutoka Budondo alikopanga, na huko majirani walisema hakuweza kumchinja hata kuku. Ilibidi aite mtu, kisha aende nyuma ya nyumba mpaka kazi iishe. Alikula akiwa amesimama, mgongo ukutani. Siku moja tairi la lori lilipasuka barabarani wakati tunafanya zoezi, na tulipoinua vichwa Afande hakuwepo mbele yetu. Alikuwa chini ya meza, ameshika fimbo kwa mikono miwili, ameielekeza mlangoni. Alitoka, akajipangusa magoti, akasema tuendelee namba ya nne. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Watu wazima walimheshimu kuliko walivyompenda. Ugomvi wa mipaka ya viwanja ukitokea, walimwita. Alikuja na kamba yake na tepu ya kupimia, akapima, akasema neno moja, akaondoka. "Nipe nukta mbili," alizoea kusema, "nitakwambia ulikotoka." Jibu lake halikupingwa. Mtu anayempiga mtoto vinne kwa kijistari kimoja, nani atamshuku kwamba amekosea?

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile ya kiganja changu.

Kaka yangu Rashidi aliendesha bodaboda, na steji yake, kituo cha kusubiria abiria, ilikuwa mkabala na ghala moja la mahindi. Ghala lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki, mtu wa mbali, asiye na rafiki pale. Yeye na Rashidi walikuwa wakitukanana kwa wiki kadhaa kuhusu pikipiki kuegeshwa langoni. Saa kumi jioni, jua bado kali, risasi mbili zililia. Nilikuwa natoka shule. Nilifika nikakuta pikipiki ya Rashidi imelala, taa yake imevunjika, na damu nyingi kwenye vumbi, nyingi kuliko nilivyodhani mtu mmoja anazo. Walikuwa wamempakia kwenye gari kwenda hospitali. "Anapumua," waliniambia.

Mlinzi walikuwa wamemshika. Walimnyang'anya bunduki, wakamvunja mkono kwa jiwe la kuegemezea lango, na sikio moja lilikuwa linaning'inia. Walishamvisha tairi shingoni. Mmoja alikuwa na petroli kwenye chupa ya soda. Mlinzi alilia maneno yale yale, "Alinipiga na ubapa wa panga. Nilianguka magotini. Nilifyatua kutoka chini." Panga kweli lilikuwepo, la kukatia kamba za magunia. Hakuna aliyekuwa ameona mwanzo wa ugomvi, maana wote walikimbilia mlio.

Nitasema ukweli: nilitaka achomwe. Nilitafuta jiwe kwa macho yangu mwenyewe.

Mwenyekiti wa steji, ambaye Afande alimfundisha zamani, ndiye aliyesita. Alisema kama mtu alifyatua akiwa amepiga magoti, maneno ya panga ni ya kweli, na kama alifyatua akiwa amesimama, basi ni muuaji. "Lisasi moja ilimkosa Lashidi, matundu yake yapo," alisema. "Rete Afande apime. Akisema arisimama, tunawasha."

Afande alifika na baiskeli yake. Umati ulikuwa unapiga kelele na simu zikiwa hewani, zinarekodi. Alipuliza filimbi mara moja.

"Nyinyi yote, kaa chini."

Wakakaa. Wazee walikaa kwanza, kabla hata ya kufikiri, na vijana wakawafuata. Mwenye petroli naye alichuchumaa na chupa yake. Kisha Afande akaniona. "Wewe, kuja shika tepu," akasema. Nilishika kwa mkono wangu uliofungwa kitambaa, nikiamini kaka yangu anapumua.

Kigoda cha mlinzi kilikuwa pale pale na maganda mawili ya risasi chini yake, kwa hiyo wote walikubaliana alikuwa hapo. Hapo pakawa sifuri. Mita tatu kutoka kigodani, risasi ilitoboa uzio wa mabati, na tundu lilikuwa sentimita mia na kumi kutoka chini. Tulipita nyuma ya mabati, mimi na yeye tu, tukakuta tundu la pili kwenye ukuta wa tofali, mita saba kutoka kigodani. Aliweka tepu. Nilisoma mwenyewe: sabini.

Alitoka akaandika kwa chaki kwenye mabati, mbele ya watu wote. Tatu na mia na kumi. Saba na sabini. Arobaini kwa hatua nne, yaani kumi kwa kila mita. Akazidisha kumi kwa tatu, thelathini. Akaandika mia na kumi toa thelathini. Themanini.

"Themanini," alisema. "Alikuwa magoti. Mwache."

Mtu yeyote aliyetulia angeona. Risasi inayoshuka haiwezi kuwa imetoka chini. Lakini nani alikuwa ametulia? Mimi tu niliona, kwa sababu kiganja changu kilikuwa bado kinauma kwa kosa lile lile. Jibu lilikuwa mia na arobaini, kimo cha bega la mtu aliyesimama na kulenga. Mlinzi alikuwa mwongo, na Afande alikuwa amepoteza minasi.

Nilisema, "Afande, mi—"

Alinipiga kofi mdomoni kwa mkono wote. Nilianguka kwenye mabati, jino likatoboa mdomo. Ndiyo mara pekee aliyowahi kumpiga mtu bila kumhesabisha. Nilipoinuka, watu walikuwa wanamtoa mlinzi tairi shingoni, na simu ya mwenyekiti wa steji ikaita. Rashidi alikuwa amekufa njiani.

Mlinzi alipelekwa polisi, na baada ya miezi michache nikasikia ameachiwa, kwa kuwa ilisemekana alifyatua kujilinda. Rashidi wetu akabaki mtu aliyemvamia mlinzi kwa panga. Kwetu, kijana akifa watu hugombania bega chini ya jeneza, kila hatua chache wanapokezana. Jeneza la Rashidi lilibebwa na watu wachache mpaka kaburini bila wa kuwapokea. Wengine walisimama kando ya barabara wakatazama simu zao. Mama, ambaye aliuza mchele pale mtaani kwa miaka, akaanza kuitwa mama wa panga.

Nilimwambia Mama siku ya tatu. Nilimwonyesha jalada la daftari nilipoziandika zile nukta kabla mvua haijaifuta chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Neno la mtoto halifuti neno la Afande," alisema. "Alilisema yeye. Alifute yeye." Nikaenda shule nikaambiwa ameacha kazi. Budondo nako chumba kilikuwa kimefagiliwa.

Miaka ikapita, mingi. Niliolewa Mbale, nikaachika Mbale, nikabaki na kazi kwenye karakana ya mabati. Nakata mabati ya paa, na mteremko ndio unaonilisha. Mwaka jana mteja mmoja kutoka Nakaloke, mji ulio kaskazini yetu kidogo, alileta karatasi ya vipimo vya paa la madrasa. Kwenye pembe moja palikuwa na alama ya minasi, ndefu kama kijiti cha kiberiti. Niliuliza nani kaandika. "Mzee mmoja anayetupimia," akasema. Nikavua aproni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, amesimama, mgongo ukutani, anakula viazi. Amekonda. Jicho moja limeingia ukungu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwanzia tangu nikiwa msichana, na yote yakanitoka.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba," alisema. Alinitazama mkono kabla ya uso, akaliona kovu. "Wewe ni ile ya msalani."

Niliitoa karatasi. Nilikuwa nimeandika upya kila kitu alichoandika kwenye mabati, mpaka themanini. Nikaiweka mbele ya viazi vyake. "Ulipoteza minasi," nikasema.

"Sikupoteza."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Aliisukuma sahani. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mengi mfululizo, na hakupaza sauti. Alisema akiwa askari kijana, lori lao lilipigwa risasi barabarani. Mkubwa wake alijua yeye amesoma hesabu. Walimpa matundu mawili, moja la mbele na moja la nyuma, na kamba. "Navuta kamba. Kamba nakwenda mpaka nyumba moja, juu ya kilima. Jibu langu ilikuwa sahihi kabisa, mpaka dirisha. Watu yangu nafunga mlango kutoka nje, nawasha. Aliyepiga alikwisha toroka. Ndani ilikuwa mama na watoto." Akafuta midomo. "Hapana mtu alinipiga kwa ile. Walinipa cheo."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi ilikuwa mwongo. Nilijua nikiwa kwa tundu ya pili. Lakini tairi ilikuwa shingoni na wewe ilikuwa unafungua mdomo."

"Rashidi je?"

"Rashidi alikwisha kufa, au karibu."

"Jina lake halikuwa limekufa, Afande. Hilo ulilichoma wewe. Mama yangu amechomwa kila siku tangu siku ile."

Nilitegemea ajitetee, nimtukane, niende. Badala yake aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fimbo ya mkahawa, nyeusi kwa moshi, ambayo nadhani sasa huitumia kufukuzia mbuzi. Akanipa. Akanyoosha kiganja cha kulia.

"Minasi moja," alisema.

Msomaji angependa niseme kwamba nilikataa, nikaitupa fimbo, nikalia. Nilimpiga. Nilimpiga kwa bega zima, mzee mwenye mifupa ya kuku, na yeye akahesabu kwa sauti ile ile ya uwanjani. Moja. Mbili. Cha tatu kilimpasua ngozi, na mkono haukuvutwa. Cha nne nilikipiga kwa nguvu kuliko vyote, na kwa muda mfupi nilijisikia vizuri, vizuri kweli, na nimelionea aibu hilo kuliko viboko vyenyewe. Nilitafuta kwenye mkoba wangu, nikapata mafuta ya kupaka midomo. Nikampaka kiganjani. Hakunitazama usoni na mimi sikumtazama.

Kisha akaomba kalamu. Mkono ulikuwa umevimba na damu ikagusa pembe ya karatasi. Mbele ya ile kumi aliandika minasi, ndefu, akakata themanini, akaandika mia na arobaini. Chini yake akaandika kwa Kiswahili cha darasani, safi, ambacho sikujua anacho: "Mlinzi alikuwa amesimama. Nilidanganya mimi." Akatia sahihi jina lake kamili, ambalo nilikuwa silijui, na ambalo sitaliandika hapa. Mlinzi yule yu hai mahali fulani, pengine ana wajukuu, na hiyo nayo ni kazi ya Afande. Sijui niifanyie nini sehemu hiyo.

Nilishuka Jinja kesho yake. Mama hasomi. Nilimsomea ile karatasi mara mbili, akaniuliza mia na arobaini ni wapi. Nikatoa tepu ya kazini, nikapima kutoka sakafuni kwenye ukuta wa sebule, nikaweka kidole. Alikuja akasimama hapo, na kidole changu kilikuwa sawa na macho yake.

"Chora," alisema.

Nikachora kwa mkaa, mstari mrefu wa kiganja kizima. Kila anayeingia pale sasa anauliza ni alama ya nini. Mama humwambia akae kwanza, anywe chai, halafu anamwambia hapo ndipo bunduki ilipokuwa.